Saa ya Kurudi

Siku hizi huruhusiwi kupanda ndege, hata hii yangu ndogo ya kujifurahisha, mpaka wa nyumbani kwako aandike saa ya kurudi kwenye fomu. Saa ikikaribia, ndege inageuka yenyewe. Sheria gani hii! Jumamosi ndiyo kwanza naukaribia mlima, ikageuka, eti mke wangu amepika mtori.

"Kwa nini nisirudi nikipenda mwenyewe?" nilimfokea.

"Mtori ukipoa hauliki, Baba Aikande," akajibu huku akinipakulia.

Leo nasafiri kikazi kwenda Muscat, kama kila mwezi, na niliingia jikoni nimejiandaa kugombana. Kumbe fomu alishaijaza tangu alfajiri. Sasa niko kwenye foleni uwanjani, naisoma mara ya tatu. Kwenye saa ya kurudi ameandika: "Akipenda mwenyewe."