Kipeperushi cha Baba Sekela

Siku hizi kila mpiga kura huandikiwa kipeperushi chake peke yake, na mashine inayomjua kuliko ndugu zake. Mgombea ni yuleyule, maneno ndiyo hutofautiana.

Mimi nafundisha insha, sidanganyiki kirahisi. Vilipoletwa jana, changu nilikichambua papo hapo kwa kalamu nyekundu. "Je, mama, Sekela atasoma wapi?" Swali la balagha. Aya ya pili ilikuwa ya kunitia hofu. Ya tatu ilirudiarudia neno "nyumbani" mpaka nikacheka. Takriri ya kitoto kabisa!

Leo wakati wa chai nikamwambia mume wangu, "Lete na chako, Baba Sekela, nikusahihishie."

"Siasa tu hizo, mama."

"Lete bwana."

Akakitoa kwenye mfuko wa shati. Nilitafuta hofu, sikuiona. Sifa hazikuwamo, wala maswali. Kilikuwa na aya moja tu, iliyoandikwa kwa utulivu. Mgombea aliahidi kujenga vyumba vya mtu mmoja mmoja, mbali na hapa kwetu Tukuyu, vyenye kitanda kimoja, ufunguo mmoja na asubuhi zisizo na kelele.

"Wewe wamekukosea," nikasema. "Wamekuandikia kama kapera."

Nilingoja acheke. Alinyoosha mkono, akakichukua kwa upole, akakikunja palepale kilipokuwa kimekunjwa. Mikunjo ilikuwa imeshachakaa, karibu kukatika, na karatasi yenyewe ililetwa jana tu.