Wageni wa Nnalongo

Kibirango alibana jicho kwenye tundu la pazia akamwona mwenyekiti wa kijiji akivua kofia mbele ya mkewe yeye Kibirango.

Kofia! Ssebowa huyu huyu, ambaye hata padri akipita humwinulia kidole tu. Na Nnalongo, kama kijiji kizima kilivyomwita tangu ajifungue mapacha, akapiga magoti uani, akainamisha kichwa, akakaa hapo chini kwa muda ambao mumewe hakuwahi kupewa tangu amwoe. Kisha mwenyekiti akaweka mfuko wa unga wa posho mlangoni, na juu yake kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Nyama," Kibirango alisema kwa uchungu. "Kamletea nyama."

"Nani?" aliuliza Kabahuma kutoka jikoni.

"Ssebowa. Ananinenepeshea mke."

"Na wewe unanenepeshwa na nani?"

Kibirango alirudisha jicho tunduni. Alikuwa amemuaga mkewe kwamba anakwenda Arua, mbali kaskazini, kuezeka shule. Kumbe alipanda tu kilima giza lilipoingia, akajitoma kwa Kabahuma, hawara yake, akikusudia kustarehe kidogo kisha arudi nyumbani na hadithi za safari. Kesho yake serikali ikafunga barabara kwa ajili ya ugonjwa. Sasa alikuwa amekwama Arua, Arua hiyo ya kilimani, na mlango wa nyumba yake mwenyewe ulikuwa pale bondeni ukimtazama.

Kutoka nje hakuthubutu. Angeonekana na jirani mmoja tu, habari ingewafikia kaka zake Nnalongo, na wale hawakuwa watu wa kuuliza mara mbili. Ndoa ingeishia hapo. Basi mchana kutwa alishinda nyuma ya pazia, simu kaizima. Jioni aliiwasha kumpigia mkewe peke yake, akamweleza jinsi jua la Arua linavyochoma.

Habari za kijiji zilikuja kwa vipaza sauti vilivyofungwa juu ya mlingoti sokoni. Kila asubuhi Ssebowa alisoma matangazo yake: vaeni barakoa, harusi hakuna, matanga hakuna, wazee waletewe chakula majumbani. Kibirango alikuwa akiyasikiliza kitandani huku akicheka. Ila juzi mvua ilipiga mabati asubuhi nzima, yeye na Kabahuma wasisikie hata neno.

Na tangu juzi hiyo hiyo wanaume wakaanza kumiminikia uani kwake.

Walikuja mmoja mmoja, barakoa usoni. Walisimama mbali, wakanong'ona, wakaacha kitu, wakaondoka. Seremala alileta mkungu wa ndizi. Mwalimu wa kwaya alileta kuku, akaweka mkono kifuani, mshenzi yule! Hata Luyombya muuza nyama, aliyefiwa na mke mwaka jana na ambaye kila mtu alijua anatafuta mwingine, alifika mara mbili. Nnalongo aliwapokea wote, kiuno kakikaza kwa kitambaa.

"Kiuno kile anamkazia nani?" Kibirango aliuliza pazia.

Chakula cha Kabahuma kilimshinda. Jioni akampigia mkewe simu.

"Mama Wasswa, eti kuna wageni hapo?"

"Wageni wa wapi, Baba Wasswa, na serikali imekataza? Watu wanapita tu, wanasema neno, wanakwenda."

"Neno gani?"

"Wanakusifu. Yaani wanakusifu mpaka nashangaa. Sikujua nimeolewa na mtu mwema kiasi hicho."

"Na Luyombya naye ananisifu?"

"Huyo ndiye kawapita wote. Haya, lala salama. Huko Arua jifunike vizuri, usiku baridi."

Sauti yake ilikuwa laini kuliko siku zote, na ulaini huo ndio uliomkosesha usingizi. Mwanamke haongei hivyo bure. Kuna mtu anamfurahisha.

Asubuhi Luyombya alikuja tena. Safari hii aliingia ndani. Kibirango alisubiri, kucha zikiuma pazia. Yule bwana alipotoka alikuwa amevaa koti la kijivu, koti la harusi, lile ambalo Kibirango alilivaa kanisani Nnalongo akiwa ubavuni mwake.

"Koti langu! Kabahuma, kampa koti langu!"

Alivaa suruali huku anarukaruka, akatafuta nyundo yake ya kuezekea.

"Unakwenda wapi?"

"Namshukia mtu."

"Kijiji kizima kitakuona."

"Na kinione! Kaka zake waje, polisi waje. Yule ni mke wangu!"

"Ukivuka huo mlango usirudi hapa."

Alikwishashika komeo wakati vipaza sauti vilipokoroma kule sokoni. Asubuhi ilikuwa shwari, na sauti ya Ssebowa ilipanda kilima bila kupotea hata silabi.

"Ndugu wanakijiji, barakoa bado ni lazima. Pili, mjane wetu Nnalongo anawashukuru nyote mliokwenda mmoja mmoja kumpa pole, kwa kuwa kukusanyika hakuruhusiwi. Kama nilivyowatangazia juzi, Ssalongo Kibirango, baba wa mapacha, alifariki kwa ugonjwa huu huko Arua, na serikali imemzika huko huko. Tatu, uvumi. Mtu atakayesema eti amemwona marehemu akitembea hapa kijijini, nitamkabidhi polisi mimi mwenyewe."

Kibirango aliachia komeo. Alirudi polepole dirishani.

Kule chini Nnalongo alikuwa amesimama uani peke yake. Aliinua uso, akalitazama moja kwa moja dirisha la Kabahuma, kisha akajifuta machozi kwa pindo la gauni lake la gomesi.