Tarehe 31 Juni

"Mlipuko huu ni wa kubuni," mwalimu alisema, akigawa karatasi za zoezi. "Mna dakika kumi. Nitafutieni kosa."

Ilikuwa siku ya tatu ya kozi ya kiangazi ya epidemiolojia, elimu ya milipuko ya magonjwa. Muuguzi aliteremsha kidole kwenye orodha ya wagonjwa wa kipindupindu, kikakwama mstari wa kumi na saba. Mama mmoja, na chini yake watoto wake pacha, wote wameanza kuharisha tarehe 31 Juni.

Juni haina thelathini na moja. Kosa hilo alilifanya yeye mwenyewe, mwaka jana, akiwa hoi baada ya zamu mbili mfululizo. Wa kubuni wapi!

Kwenye kiti cha pembeni yake alikaa mganga mkuu, bosi wake. Ndiye aliyemwamuru aandike orodha mpya, fupi. Ile ya kweli aliichukua. "Nitaichoma mwenyewe," alisema.

Sasa bosi alimwinamia. "Umeitoa wewe?"

"Si ulisema utaichoma?"

Mwalimu alikuwa akizunguka darasani, lakini macho yake hayakubanduka kwao wawili. "Haya, daktari. Umeona nini?"

Bosi alisimama, kola imelowa jasho. "Kosa ni la muuguzi, mwalimu. Wagonjwa arobaini na mmoja, halafu yeye anaripoti tisa!"

Darasa zima likageuza karatasi, mbele na nyuma.

"Tisa?" mwalimu aliuliza kwa upole. "Hiyo tisa umeisoma wapi?"