Sketi Nambari 87

Karatasi ya mlezi wa bweni ilikuwa imebanwa kwa pini kwenye sketi nambari 87: punguza kiuno inchi mbili.

Nilipoigeuza, vidole vyangu vilikuta mshono wangu mwenyewe. Kando yake palikuwa na mwingine, nao wangu. Niliipunguza kabla ya mvua, nikaipunguza tena mvua zilipoanza.

Hapa Kalimpong, mji wa milimani India, riziki yetu inatoka kwa watoto wa shule ya bweni pale juu, muuza vitafunio vya momo na fundi cherehani sawia. Kila sketi naiachia kitambaa cha akiba, maana watoto hukua. Miaka ishirini na sita kazi yangu imekuwa kufumua na kuongeza.

"Bishnumaya, shona," alisema mume wangu bila kuinua macho. "Ukigombana na shule, tutamshonea nani? Mbuzi?"

Nilikunja tepu ya kupimia iwe duara la kiuno kitakachobaki, nikaipitisha mguuni mwangu. Ilikwama pajani.

Mume wangu aliinua macho sasa.

Nikaikunja sketi kama ilivyokuja, nikapanda kilima. Watu wa mjini hatuvuki geti la shule, wala hatuonani na watoto. Nguo huachwa kwa mlinzi, basi.

Mlinzi alinyoosha mkono. "Umewahi leo, dada. Tayari?"

"Bado."

"Sasa umeleta nini?"

Sketi niliibana kwapani, nikatoa tepu mfukoni.

"Kamwite mtoto mwenye sketi hii," nikasema. "Nataka kumpima."