Kilemba cha Wodini

Deodata alisimama nyuma ya jiko la hospitali, akakikaza kilemba mpaka masikio yakamuuma. Alihakikisha hakuna unywele unaochungulia. Kazi bure, maana hakuwa na hata mmoja.

Jana yake wifi yake Generoza alikuwa amemnyoa kwa wembe, uani kwao Bukiriro. Audax, mwana wa Deodata, alikuwa amekufa vitani, ng'ambo ya Mto Kagera, na kilichorudi nyumbani ni habari tu, mdomoni mwa balozi wa nyumba kumi. Majirani wakaweka majembe chini, wakakaa matanga. Wafiwa wakanyolewa, kama desturi ilivyo.

Mumewe, Anatoli, hakuwa na habari. Yeye alikuwa na vita vyake. Kongosho lake lilikuwa limevimba, kisha likatunga usaha. Wakampasua na kumwachia mpira ubavuni wa kutolea usaha. Sindano zilikuwa za kubahatisha, kwa kuwa dawa nyingi zilikwenda kwa wanajeshi.

"Mama, homa hii inamla," Sista Koleta alimwonya mlangoni. "Ukimtwisha na msiba, utamzika naye. Subiri usaha ukauke."

Basi Deodata akaingia wodini na tabasamu la kuazima.

"Karibu, hajati," Anatoli alisema, macho kwenye kilemba. "Umetoka Maka lini? Mbona padri hakuniambia?"

"Vumbi la lori, bwana wee."

"Wanasema ni kongosho. Ng'ombe wote wale niliochinja, kumbe na mimi ninalo." Akacheka, mpira ukamvuta, akakunja uso. "Audax kaleta salamu?"

"Hajambo. Yuko mbali tu."

"Na shamba la kijiji? Maharage mmepalilia?"

"Nani apalilie? Wiki hii hakuna aliyeshika jembe." Akakigusa kilemba. "Mvua, unajua."

Anatoli aligeukia ukutani. Alisema kidonda kinauma, wamwache alale.

Safari iliyofuata Deodata alimkuta amevaa kofia ya sufu, ameivuta mpaka kwenye nyusi.

"Na wewe umekwenda Maka?"

"Baridi ya homa, mke wangu. Muulize Bukuru."

Bukuru, mgonjwa wa kitanda cha jirani aliyekuwa akiwanyoa wenzake ndevu, alijifanya amelala.

Tangu siku hiyo Anatoli hakumtaja tena Audax. Aliwatania masista. Aliutania mpira wake, akisema anakamuliwa kama ng'ombe na maziwa yenyewe hayanyweki. Ila habari za mwanawe hakuuliza. Deodata alimshukuru Mungu kwa hilo, kisha njiani, juu ya lori, akamlaumu mumewe mpaka machozi yakamtoka. Baba gani anayesahau?

Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Mara mbili padri aliitwa na mafuta yake, na mara mbili Anatoli akamwambia arudi siku nyingine, leo ana kazi ya kutetemeka. Kisha, polepole, usaha ukapungua, ukawa majimaji, ukakauka. Mpira ukatolewa. Anatoli akanywa uji, kikombe kizima, akalalamika kwamba hauna sukari.

"Sasa anaweza kuambiwa," Sista Koleta alisema.

Deodata aliketi ukingoni mwa kitanda. Maneno alikuwa ameyapanga tangu Bukiriro, yote yakamkimbia. Hakubaki na kitu ila kichwa chake.

"Baba Audax," alianza, mkono ukienda kwenye fundo la kilemba.

"Ngoja, mama," Anatoli alisema. "Tuvue pamoja."

Fundo likaachia. Na yeye akaivua kofia. Nywele zake zilikuwa ndiyo kwanza zinaota, urefu ule ule wa za mkewe.