Kelele Mgongoni mwa Kiboko

Zamani hizo, mito ikiwa bado haijayajua madaraja, Kiboko alikuwa akivusha wanyama mgongoni. Wakubwa walimlipa tita la majani mabichi. Watoto walipanda bure, na njia nzima walimpigia kelele: "Babu, gogo lile. Babu, kata kushoto."

Siku moja Ngiri, ambaye hakuridhika na lolote, akasema, "Sisi tunalipa, hawa wanapanda bure na kutupasua masikio. Haki iko wapi?"

Kiboko hakupenda lawama. "Kuanzia kesho," akasema, "asiye na majani asipande."

Kesho yake safari ikawa tulivu, hata Ngiri akasinzia. Kiboko akajiendea kwa raha zake, mpaka katikati ya mto akanasa kwenye tope hadi kifuani. Akatazama huku na huku. Jua lilikuwa linawaka, lakini yeye aliona ukungu mtupu. Ndipo alipotambua kuwa macho yake yalikwisha kuzeeka siku nyingi.

Kutoka ukingoni mtoto wa Digidigi akaita, "Babu, rudi nyuma kidogo, halafu fuata matete yaliyo kulia kwako."

Akafuata, akafika.

"Kesho watoto wakae mbele," Kiboko akasema.

"Bure tena?" akauliza Ngiri, akijipangusa tope.

"Nani kakwambia bure? Wewe nakutoza majani kwa sababu huna kazi nyingine unayoiweza."

Kesho yake kelele zilizidi. Kiboko alilalamika njia nzima, na akaenda polepole makusudi ili safari isiishe mapema.