Nungunungu Aliyekataa Kuchuma Viola

Nungunungu alipanda viola mbele ya pango lake, apate maua ya kumpamba binti yake siku ya harusi. Kwa hofu ya kuyapunguza, hakukubali hata ua moja lichumwe. Yaliyonyauka aliyaacha pale pale yakafanya mbegu. Zilipobaki wiki tatu, hakukuwa na kitumba kipya hata kimoja, naye akawa hali wala hatulii.

Siku moja alirudi kutoka mtoni akamkuta Digidigi anatafuna. Maua yote, mabichi na makavu, yalikuwa yamekwisha.

"Umeniua!" alilia, miiba imemsimama. "Mwanangu ataolewa bila ua?"

"Nisamehe, mama, ni njaa. Majani sijayagusa," Digidigi alisema, akatimua mbio.

Baada ya siku kumi za machozi, Nungunungu aliona vitumba vimejaa kila shina. Kumbe yale makavu ndiyo yaliyoizuia miche kuchanua.

Bibi harusi alipambwa, wageni wakashangilia. Kesho yake Nungunungu alihangaika vichakani akiita, "Digidigi, mwanangu, uko wapi? Maua yanaanza kunyauka! Njoo ule!"